Kibati cha Mashua Namba Kumi na Nne

Inspekta Eusébio alipiga hodi mara tatu katika ua wa Ibraimo Saide, na mara tatu hakuitikiwa, ingawa moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya makuti na mtu alikuwa akikohoa humo ndani. Alisubiri. Mapadre walikuwa wamemfundisha kwamba mtu haingii nyumba ya watu kabla ya kukaribishwa, na miaka mitano ya upelelezi katika nchi iliyojikomboa haikumwondolea fundisho hilo. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa mbili na robo, asubuhi ya Jumamosi, tarehe thelathini na moja Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini na mmoja. Lori la Niassa lingeondoka saa sita kamili.

"Hodi," alisema mara ya nne.

"Mlango hauna komeo," sauti ya mwanamke ilijibu. "Milisia waliingia bila kuuliza. Wewe umepungukiwa nini?"

Aliingia. Atija, mke wa Ibraimo, alikuwa ameketi juu ya kibao chake akimenya muhogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mikono mipana ya kazi, na hakuinua uso. Kulikuwa na mkeka umekunjwa ukutani. Hakuukunjua.

"Naitwa Eusébio. Nimetumwa kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa, kuchunguza kifo cha karani wa leseni."

"Unasema Kiswahili cha redio."

"Nilijifunza Nachingwea, kambini, wakati wa vita."

"Basi ulijifunza kwa wenye bunduki. Sema unachotaka. Muhogo huu ni wa mume wangu, na sijui kama ataula."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila leseni ya uvuvi katika pwani ile hufa pamoja na mwaka, tarehe thelathini na moja Desemba, na mwenye chombo hupewa mwezi mmoja tu wa kuihuisha. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, serikali ilikuwa imeacha kuandika namba kwa rangi, ikaleta vibati, kimoja kwa kila chombo, na kila kibati kilipaswa kupigiliwa kwenye omo, mbele ya chombo, na karani mwenyewe, kwa misumari minne. Chombo ambacho kingekutwa hakina kibati saa sita mchana ya siku ya mwisho ya Januari kingekabidhiwa kooperativa, yaani ushirika wa wavuvi. Karani aliyetumwa kijiji hiki cha Kisungule kwa kazi hiyo, mtu mtaratibu wa Inhambane aitwaye Crispim, alikutwa Alhamisi alfajiri amekufa mchangani, chini ya mashua ya Ibraimo, fuvu limepasuka kisogoni. Kwenye omo ya mashua hiyo palikuwa na kibati namba kumi na nne. Katika daftari la Crispim, mbele ya namba kumi na nne, palikuwa na neno moja la kusema kwamba leseni ile imekataliwa.

Kwa watu wenye haraka, hayo mawili yalitosha. Ibraimo alinyimwa leseni, akamuua karani, akajipigilia kibati kwa mkono wake mwenyewe. Amri ya kumpeleka kambi ya kurekebishwa huko Niassa, akangoje hukumu ambayo hakuna aliyejua ingekuja lini, ilikuwa imekwisha kupigwa mhuri. Saini moja tu ingeweza kuizuia, nayo ilikuwa ya Eusébio.

"Kibati kilipigiliwa lini?" aliuliza.

"Jumanne, baada ya adhuhuri. Karani alipigilia mwenyewe, akanywa maji hapo ulipo, akampa mume wangu karatasi."

"Karatasi hiyo iko wapi?"

"Milisia waliichukua walipomchukua yeye."

"Nimesoma orodha ya vitu walivyochukua. Karatasi haimo."

"Basi orodha yao ina njaa, imeila."

"Nani mwingine alimwona karani akipigilia?"

Kisu kilisimama juu ya muhogo. "Jumanne watu wote walikuwa kwenye mkutano wa kooperativa. Walilazimishwa. Mume wangu na mimi ndio hatukwenda, na hilo nalo wameliandika."

Eusébio aliandika katika kijitabu chake: Jumanne, hakuna shahidi ila mke. Ushahidi wa mke, mbele ya wale waliomtuma, ulikuwa na uzito wa maganda yale ya muhogo.

* * *

Ofisi ya leseni ilikuwa chumba kimoja katika bohari ya zamani ya forodha. Chumba cha pili, chenye dirisha la nondo, ndicho kilichomshikilia Ibraimo. Narciso, kamanda wa milisia, mgambo wa kijiji, alikuwa ameketi katikati ya milango miwili, bunduki magotini.

"Una saa tatu, kamarada inspekta," alisema. "Dereva ni mkali. Hangoji mtu."

"Dereva atangoja saini yangu."

"Saini ni wino. Dereva ana mafuta ya kumfikisha Niassa bila kusimama."

Eusébio alilifungua daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kama alivyosomeshwa kusoma, kidole chini ya mstari, bila kuruka. Crispim alikuwa na mwandiko wa mtu anayeogopa kulaumiwa. Waliopewa leseni walikuwa kumi na watano. Walionyimwa walikuwa watatu, na mbele ya kila mmoja wa wawili kati yao karani alikuwa ameeleza sababu na kuweka saini. Namba tisa, chombo cha Abdurremane: mbao mbili za chini zimeoza, kipimo kimefanyika, nimeona kwa macho yangu. Namba kumi na saba: mwenye chombo amehama. Namba kumi na nne ilikuwa na neno moja tu, bila sababu na bila saini.

Katika mfuko wake alikuwa na cheti cha muuguzi Hortênsia, aliyeiosha maiti. Pigo lilikuwa moja, la kitu kipana cha mti, na vibanzi vilikutwa kwenye nywele.

"Daftari hili lilikaa kwa nani tangu Alhamisi?"

"Kwangu," mtu alijibu mlangoni.

Alikuwa Fernando, mwenyekiti wa kooperativa. Alikuwa mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwa hali ile ya joto la Januari. Kwao kulikuwa Diaca, kwenye mashamba. Chama kilikuwa kimemteremsha pwani mwaka uliopita kuja kuwapanga wavuvi, na tangu siku hiyo hakuwahi kuambiwa ahsante na mtu yeyote.

"Nililihifadhi, kamarada, kwa usalama wa dola. Ulitaka niliache mchangani?"

"Nataka maelezo yako. Polepole, nami nitaandika."

"Nimekwisha kuyatoa."

"Utayatoa tena."

Fernando alitabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mzee. "Alhamisi alfajiri nilikwenda kukagua nyavu za kooperativa. Nikasikia nyundo. Nikaenda. Nikamwona Ibraimo kwenye omo ya mashua yake, anapigilia kibati. Crispim alikuwa chini, hatikisiki."

"Ulisimama umbali gani?"

"Hatua kumi."

"Mwanga?"

"Wa kutosha."

"Ulimwona akipigilia msumari wa ngapi?"

"Wa mwisho. Mitatu ya kwanza niliisikia."

"Hukumkamata?"

"Alikuwa na nyundo. Mimi nilikuwa na ufunguo wa ghala. Nikaenda kumwita Narciso."

"Una haja ya mashua ile, kamarada mwenyekiti?"

Tabasamu lilikatika. "Kooperativa ina mpango wa uzalishaji uliotoka juu. Ina mitumbwi kumi na mmoja na mashua mbili mbovu. Mashua ya Ibraimo inabeba watu wanane na barafu. Ndiyo, wananchi wana haja nayo. Umekuja kumchunguza muuaji au kuuchunguza mpango?"

Eusébio aliyaandika yote, neno kwa neno, akamsomea, akamtaka aweke saini. Fernando aliweka saini kubwa yenye mkia.

Kisha inspekta alisogea kwenye dirisha la nondo. Ibraimo alikuwa ameegemea ukuta wa mbali, mikono imefungwa kamba mbele. Mzee yule wa miaka sitini na kitu hakugeuka.

"Ibraimo Saide, nahitaji unieleze habari za Jumanne na Alhamisi."

"Nimeeleza mara nne. Mara ya pili walinipiga, mara ya tatu wakacheka. Hii ya nne waliandika. Wewe utafanya lipi?"

"Nitasikiliza."

"Basi sikiliza ukuta. Una habari ile ile niliyowapa wao."

* * *

Nyundo ilikuwa imekutwa kwa Abdurremane, ndugu wa Atija, na jambo hilo Narciso alilitoa kama mtu anayetoa zawadi. Abdurremane alinyimwa leseni. Abdurremane alimtukana karani mbele za watu. Abdurremane alikuwa na nyundo, na chombo chake kilikuwa hatua ishirini kutoka pale maiti ilipokutwa. Eusébio alishuka pwani akiwa na tumaini ambalo alijionya asilipende.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Abdurremane, mnene na mfupi, alikuwa akiung'oa usukani wa chombo chake kibovu, huku jasho likimtiririka.

"Unaharibu mali ambayo saa sita itakuwa ya wananchi," Eusébio alisema.

"Sheria yenu imeandika chombo. Usukani haukuandikwa. Nimesomewa mara mbili, sikuusikia."

"Nyundo ilikutwa nyumbani kwako."

"Na wapi tena ingekutwa? Ni yangu. Marehemu aliiazima kwangu Jumatatu, akazunguka nayo pwani nzima kwa vibati vyake, akanirudishia Jumatano jioni. Serikali ilimtuma na vibati ishirini na misumari themanini, ikasahau nyundo."

"Alikurudishia Jumatano, wewe uliyemtukana?"

"Nilimtukana Jumatatu. Jumanne asubuhi nikaenda mwenyewe nikaichoma ile mbao kwa kisu, kisu kikazama. Alikuwa na haki. Sikumwambia, lakini alikuwa na haki."

Eusébio aliiomba nyundo, akakipima kichwa chake kidogo cha chuma, akakumbuka kitu kipana cha mti. Tumaini lile lilikufa pale pale. Alisimama, akavuta pumzi, na harufu nzito ya kuoza ikamjaa kooni.

"Kuna nini kilichokufa hapa?"

Kwa mara ya kwanza Abdurremane alicheka. "Hakuna kilichokufa. Hiyo ni sifa. Mafuta ya maini ya papa. Shemeji yangu aliipaka mashua yake Jumatano, yeye na mkewe na binti yao Awa, debe zima, kutoka asubuhi hadi alasiri. Mbao huyanywa siku nne, tano. Mpaka wiki ijayo tutanuka sote."

Eusébio aligeuka akaitazama mashua namba kumi na nne. Ilikuwa imelazwa juu ya magogo, mbao zake nyeusi, zinang'aa, zinanata, nzi wametanda. Alijiuliza swali moja, akaliuliza kwa sauti, taratibu, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba.

"Katika pwani hii, hutangulia lipi? Msumari au mafuta?"

"Msumari. Nani apige msumari kwenye mbao iliyokwisha kupakwa? Unafungua tundu jipya ambalo halina mafuta, maji yanapita humo mpaka mbao inakuwa kama yangu. Msumari kwanza, sifa baadaye. Hata mtoto anajua."

"Na mtu aliyenyimwa leseni, hupaka sifa?"

Abdurremane aliuweka usukani chini. "Nitazame mimi. Nimenyimwa. Unaniona napaka? Debe la sifa ni papa wanne, watano. Nimpakie nani, kooperativa?"

"Kwa nini hukuyasema haya Alhamisi?"

"Alhamisi hawakuniuliza habari za mashua. Waliniuliza kama nayapenda mapinduzi."

Eusébio alikwenda mpaka kwenye omo, akainama. Kibati kilikuwa kikubwa kama kiganja, na kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka kinameta, pamoja na mbao zilizokizunguka. Milisia walikuwa wamefanya hivyo Alhamisi kwa agizo la Fernando, ili namba isomeke vizuri. Kwa nje, basi, hapakuwa na la kusomwa. Lakini mchanga haukuweza kufika chini ya kibati. Kama kilipigiliwa Jumanne, kabla ya sifa, mbao iliyofunikwa nacho ingekuwa kavu. Kama kilipigiliwa Alhamisi, baada ya sifa, ingekuwa imelowa mafuta na kunuka kama mbao nyingine zote. Hakuna kauli ya mke wala ya mwenyekiti ambayo ingeweza kuibadilisha rangi ya mbao ile.

Alinyoosha mkono kwenye kibati, kisha akaurudisha. Alikuwa amekumbuka kifungu cha sita cha sheria ya leseni.

* * *

Saa nne na nusu alirudi katika ua wa Atija. Safari hii alikaribishwa kwa ukimya, na alisimama.

"Naweza kuthibitisha kwamba mume wako anasema kweli," alianza. "Ushahidi uko chini ya kibati. Inabidi king'olewe."

"King'oe. Unaniomba mimi ruhusa tangu lini?"

"Sikiliza mpaka mwisho. Sheria inasema kibati kikishang'olewa, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, leseni ya chombo hicho imekufa. Inaombwa upya, na karani anapigilia kibati kingine. Karani amezikwa jana. Mwingine atatoka Pemba katikati ya Februari. Muda wa kuhuisha leseni unakwisha leo saa sita."

Atija alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, moja kwa moja. "Kwa hiyo mashua inachukuliwa."

"Ndiyo."

"Na kisipong'olewa?"

"Mume wako anapanda lori. Mashua inabaki na leseni yake, mpaka hukumu."

"Na wewe huwezi kuandika kwamba ulikikuta, ukakitoa kwa kazi ya serikali, ukakirudisha?"

"Naweza kuandika. Andiko langu halifufui leseni."

"Hata ukidanganya kidogo? Wao wamedanganya kikubwa."

"Mimi sidanganyi."

"Naona. Una mikono safi sana. Nani amekulipia usafi huo?" Aliinuka, akaipangusa mikono kwa kanga. "Mashua ile aliianza baba yake, akaimaliza yeye. Miaka thelathini imetulisha, imemwoza Awa. Wewe unakuja na kijitabu, unaniambia nichague mume au mashua, kisha unasimama hapo kama mtu aliyeleta barua."

Eusébio alikifunga kijitabu, kwa sababu lililosemwa lilikuwa kweli.

"Ningeweza kuamuru king'olewe," alisema. "Sitaki. Ni mali yenu."

"Usijisafishe zaidi." Atija aliingia ndani, akatoka na koleo na patasi ya mumewe. "Twende. Na huyo mwenyekiti awepo. Nataka auone uso wangu."

* * *

Saa tano na nusu kijiji chote kilikuwa pwani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na hakuna aliyemsalimu inspekta. Lori lilikuwa juu ya ukingo, injini inanguruma. Ibraimo alikuwa amekwisha kupakiwa, ameketi baina ya magunia. Wanakooperativa wanane walisimama pembeni na kamba za kuburura, tayari kwa vyombo vya saa sita.

Eusébio alikunjua karatasi. "Kamarada Fernando, nitasoma maelezo yako mbele ya watu hawa, nawe utasema kama ndivyo."

Alisoma. Aliposoma mahali pa hatua kumi na msumari wa mwisho, mnong'ono ulipita kwa wanaume, ukakoma.

"Ndivyo," Fernando alisema. "Na nimesikia unataka kibati king'olewe. Sina pingamizi."

"Najua huna," Atija alimwambia. "Umeleta mpaka kamba."

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Mashua ni ya watu."

"Watu gani? Wataje majina."

Abdurremane alicheka kwa pua. Fernando alimtazama Narciso, Narciso akatazama bahari.

Atija alipiga magoti mbele ya omo. Alitia patasi chini ya ukingo wa kibati, akaiinua kidogo, akakamata kichwa cha msumari kwa koleo, akavuta. Wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikatika. Hakuharakisha. Wa tatu na wa nne ilipotoka, alikishika kibati kwa ncha za vidole akakibandua.

Chini yake palikuwa na mraba mweupe, mkavu, wenye unga wa chumvi ya mwaka uliopita, na pembe zake zilikuwa zimechongoka kama zimepigwa kwa rula. Mafuta meusi yalikuwa yamefika mpaka kwenye mstari wa ukingo, yakasimama hapo.

"Kamanda Narciso," Eusébio alisema, "weka kidole chako hapo kati, kisha ukinuse."

Narciso alifanya hivyo. "Chumvi," alisema.

"Weka pembeni."

Narciso aligusa, akakunja uso, akajipangusa suruali.

"Mashua hii ilipakwa Jumatano mchana, na mliopo hapa nyote mliivuta harufu yake. Mafuta hayakuingia chini ya kibati kwa sababu kibati kilikuwapo tayari. Kilipigiliwa kabla ya Jumatano. Vibati vyote vilikuwa katika mfuko wa Crispim, na Crispim alikuwa hai. Basi Ibraimo alipewa leseni. Hakuwa na sababu ya kumuua mtu aliyempa, na Alhamisi alfajiri hapakuwa na kibati cha kupigilia." Alimgeukia Fernando. "Ulisikia misumari mitatu, kamarada. Ukauona wa nne. Ilipigwa wapi?"

Fernando aliutazama mraba mweupe kwa muda mrefu. Ilikuwa dhahiri, hata kwa waliomchukia, kwamba hakuwa ameelewa mpaka dakika ile.

"Mbao kavu si ushahidi," alisema. "Huenda walipaka wakapazunguka."

"Wakapazunguka pa nini?" Abdurremane aliuliza. "Wakaacha mraba wazi, Jumatano, ili kesho yake wapate mahali pa kubandika kibati watakachokipata kwa kuua? Mtu wa Diaca, wewe ungetudanganya kwa habari za muhogo tungekuamini."

Walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Eusébio aliinua mkono, wakanyamaza, si kwa heshima.

"Daftari lilikuwa kwako tangu Alhamisi. Neno lililo mbele ya namba kumi na nne halina sababu wala saini, na Crispim hakukataa leseni bila kutoa sababu. Karatasi ya Ibraimo ilichukuliwa na haipo. Kibati kilisuguliwa kwa agizo lako. Crispim aliuawa kwa kitu cha mti. Sasa nieleze, ulipokwenda kukagua nyavu alfajiri, ulishika nini mkononi?"

"Ufunguo wa ghala. Nimesema."

"Ghala lenu hufungwa kwa kufuli?"

Narciso ndiye aliyejibu, sauti yake imeshuka. "Kwa kufuli na gogo la kukomea mlango. Gogo la mvule, kamarada inspekta. Tangu Alhamisi silioni. Nilidhani limeibwa."

Fernando alirudi nyuma hatua moja. Nyuma yake walikuwa wanakooperativa wake wanane, na hakuna aliyempisha.

"Alikuwa anawapa leseni maadui wa mpango," alisema, polepole, kama anayetoa ripoti. "Nilimwambia aifute ile ya namba kumi na nne. Akakataa. Mtu mdogo kama yule, akanigeuzia kisogo."

Eusébio alikunja karatasi ya maelezo.

"Panda lori," Eusébio alimwambia. "Halitakwenda Niassa. Litakwenda Pemba, nami nitakuwa ndani yake."

"Saa ngapi sasa?" Fernando aliuliza.

Eusébio aliitazama saa yake, na akatamani asingeulizwa. "Saa sita na dakika mbili."

"Basi mashua haina kibati." Fernando hakuwa tena na tabasamu, lakini alikuwa na uchovu unaofanana nalo. "Andika hilo nalo. Wewe ni mtu wa sheria."

Eusébio aliandika. Chombo namba kumi na nne, hakina leseni, kinakabidhiwa kooperativa. Aliweka sababu, akaweka saini. Watu walimtazama akiandika, na mwanamke mmoja akatema mate mchangani, si mbali na viatu vyake.

Milisia walimshusha Ibraimo, wakamkatia kamba. Hakusugua vifundo vya mikono yake. Aliteremka ukingo kwa miguu iliyokufa ganzi, akawapita wote, akaja moja kwa moja kwenye omo. Aliutazama mraba mweupe, matundu yake matatu, na msumari uliokatikia ndani.

"Nani amekitoa?"

"Mimi," Atija alisema.

"Mama Awa."

"Ndiyo, mimi."

Ibraimo alinyoosha mkono. Atija akampa patasi. Mzee aliutoa ule msumari uliokatika, akachomoa nyuzi za pamba kwenye pindo la shuka yake, akazisokota, akaziba tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Kamarada," mmoja wa wale wanane alisema, akiwa ameshika kamba, "mashua sasa ni..."

"Najua ni ya nani. Ikiingia maji, watakaozama ni nyinyi." Alitazama huku na huku. "Debe liko wapi?"

Abdurremane alilileta, na ndani yake kulikuwa bado na masalia. Ibraimo alichovya kitambaa. Eusébio alikuwa amesimama kati yake na omo, kijitabu mkononi, bado akitafuta neno la kumwambia.

"Sogea," Ibraimo alisema. "Umesimama mbele ya kazi."

Inspekta alisogea. Mzee aliupaka mraba ule mweupe mpaka ukawa mweusi kama mbao nyingine, na wale wanane walingoja na kamba zao mpaka alipomaliza.